Igeuze Kwanza: Kuzitambua Bruchi za Wapenzi wa Wanajeshi

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu hamjambo. Asanteni kwa kuniita tena. Mwenyekiti kanipa dakika 40, kisha akanitazama kwa jicho la mtu anayeukumbuka mwaka jana. Mwaka jana niliomba nusu saa, na mlitoka humu taa za barabarani zimeshawaka. Leo nitajitahidi. Siahidi, kwa sababu tangu siku ile mmeniletea mezani kwangu bruchi zisizopungua 30, na waliozigeuza kuzitazama mgongo kabla ya kutoa pesa hawafiki watano.

Basi narudia neno lile lile. Igeuze kwanza.

Kwa mgeni wetu aliyeingia kukimbia mvua: tunazungumzia vile vipambo vidogo vya pini ambavyo mwanajeshi alimnunulia mkewe, mchumba wake, mama yake au dada yake, vyenye nembo ya kikosi chake kwa umbo dogo. Wenyewe Waingereza na Wamarekani waliviita kwa jina la mpenzi, "sweetheart", na jina hilo linawapoteza watu, maana wakiona cha mama mzazi wanakitupa. Hapa Uingereza vilianza kuvaliwa siku za mwisho za Malkia Victoria, vikafurika katika vita ya 1914 hadi 1918, vikarudi kwa kishindo 1939. Sisi watu wa kanga hatuhitaji maelezo marefu. Mtu kavaa ujumbe, anayejua kusoma atasoma. Ila jina la kanga liko mbele, kila mtu alione. Bruchi hii maneno yake ya ukweli kayaficha nyuma.

Mimi nimezaliwa nyumba ya sonara, Mombasa, na hapa nimeinamia meza ya kazi mtaa wa masonara wa Birmingham miaka 20 na ushei. Marehemu baba akiletewa mkufu hakuwa akiutazama uzuri wake. Anautafuta mwisho wake, pale penye kifungo, anausogeza jichoni. Mteja akianza, "Mzee, huu ni wa bibi yangu, wa zamani sana, tulipewa na..." baba humkata: "Ngoja kwanza, wacha wenyewe useme." Nilikuwa nikiona haya, nikidhani baba hana adabu. Sasa nimekuwa yeye.

Haya, kisa cha nanga. Waliokwisha kukisikia wanisamehe. Mahamri yapo kule nyuma na chai ingali moto.

Kuna mzee wetu mmoja, simtaji na humu hayumo, alinipigia simu saa tano usiku. Anahema. "Mwanangu, nimepata kitu cha jeshi la majini." Nikamwuliza, umejuaje mzee? "Kina nanga." Nikamwambia tulale, kesho uje nacho. Asubuhi nafungua duka, kashafika, kakifunga ndani ya leso na leso ndani ya mfuko wa plastiki. Kukifungua, naona bruchi nzuri ya fedha. Mbele pana mzinga wa kukokotwa na farasi, gurudumu lake kubwa kama la gari la ng'ombe, juu yake taji, na utepe wenye neno la Kilatini, Ubique. Maana yake "kila mahali". Hii ni nembo ya kikosi cha mizinga cha nchi kavu, Royal Artillery, huhitaji kufungua kitabu. Nikamwambia, mzee, hawa ni watu wa mizinga. Akanijibu bila kupepesa: "Mizinga ya melini." Mzee, gurudumu hilo melini linabingirika kwenda wapi? Akanyamaza, akaigeuza, akanionyesha kwa ncha ya ukucha. Nyuma kabisa, karibu na bawaba ya pini, pana kinanga kidogo kama punje ya ufuta. Ubavuni mwake simba anatembea, na baada ya simba pana herufi.

Naomba mniambie, ni nani humu anayeishi Birmingham? Inueni mikono. Wengi. Mmeiona bahari? Kuifikia bahari kutoka Birmingham ni safari ya kufunga chakula. Lakini nanga hiyo ndiyo chapa ya Birmingham, ndiyo alama ya ofisi yake ya kupima fedha na dhahabu tangu 1773. Masonara wanasimulia kwamba mwaka ule wakubwa wa Birmingham na wa Sheffield walikuwa London kuliomba Bunge liwape ofisi zao, wakifikia kwenye kilabu kiitwacho Crown and Anchor, yaani Taji na Nanga. Wakarusha sarafu kugawana alama. Sheffield wakapata taji, Birmingham wakaondoka na nanga. Kama ni kweli au ni porojo la kilabuni, mimi simo. Lakini alama zenyewe ni kweli, na sasa mnaona mtego wa pili: ukiona taji limegongwa nyuma ya kitu cha fedha cha miaka ile, usikimbilie kusema ni cha jumba la mfalme. Ni Sheffield, mji wa visu na vijiko. Walilitumia taji hilo kwenye fedha hadi 1975.

Kwa hiyo ukiigeuza unasoma hivi. Simba anayetembea anakwambia ni fedha halisi, sehemu 925 katika 1,000. Alama ya mji inakwambia ilipimwa wapi: nanga Birmingham, kichwa cha chui London, miganda mitatu ya ngano na upanga Chester, na ofisi ya Chester ilifungwa 1962, basi chochote chenye miganda ni cha kabla ya hapo. Herufi za jina ni za aliyetengeneza au aliyedhamini. Na herufi moja peke yake ni ya mwaka. Hiyo ndiyo ninayoipenda mie.

Bruchi ya mzee ilikuwa na q. Nilichukua lenzi, nikaitazama mara tatu, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapozama. Birmingham walianza mzunguko wa herufi ndogo mwaka 1900 kwa a, wakairuka j, na q ndogo ikaangukia 1915 kuingia 1916, maana herufi ilibadilishwa katikati ya mwaka. Wakamaliza, wakaanza upya 1925 kwa herufi kubwa. Q kubwa ikaangukia 1940. Mmeelewa? Q ndogo ni kijana anayekwenda kwenye mahandaki ya Ufaransa. Q kubwa ni kijana mwingine, pengine mwanawe, katika vita nyingine. Mbele nembo inaweza kuwa ile ile, mzinga ule ule, Ubique ile ile. Kinachowatenganisha baba na mtoto ni mkia wa herufi, nyuma, ambako hamtazami!

Mzee nilimweleza yote haya kwa furaha, maana kitu chake kilikuwa kizima, cha vita ya kwanza, chapa zote kamili. Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwa huzuni, "Kwa hiyo si ya majini." Kumbe alishamwahidi mnunuzi mmoja wa Portsmouth, mji wa wanamaji.

Najua kuna mtu anataka kuniuliza: na zisizo na chapa zote hizo? Swali zuri, ningeliuliza mimi. Bruchi nyingi za vita ya kwanza ni ndogo na nyepesi mno, zimegongwa neno SILVER tu, yaani fedha, au STERLING, ile ya 925, au 9CT, dhahabu ya karati 9, basi. Hiyo siyo dalili ya feki. Ni dalili ya kitu cha bei ndogo kilichotengenezwa haraka kwa ajili ya kijana mwenye mshahara wa kijana. Na nyingine hazina neno lolote, ni shaba tupu yenye rangi, zimevaliwa kwa mapenzi yale yale. Msizidharau. Ninachokataa mimi ni kitu kimoja: mtu kuniambia "ni fedha" wakati nyuma hapasemi, kisha anibebee sumaku anithibitishie. Sumaku haivuti fedha, na shaba pia haivuti, na aluminiamu haivuti. Ukitembea na sumaku utarudi nyumbani na nusu ya soko.

Dhahabu fupi fupi. 9CT, au 375, ndiyo ya kawaida. Ukikuta 15CT, furahi kidogo, kwa sababu kiwango hicho kiliondolewa 1932. Na maneno ROLLED GOLD msiyacheke. Kwetu "rolgodi" limekuwa tusi, harusini ukisema bibi arusi kavaa rolgodi umetangaza vita. Asili yake ni ufundi halali: ganda jembamba la dhahabu lililobanwa kwa moto juu ya madini mengine. Bruchi kadhaa za wanajeshi ni hizo.

Nilisema furahi kidogo. Sasa niwaambie kwa nini kidogo tu, na hapa najivua nguo mwenyewe.

Mwaka wangu wa tatu hapa nilikwenda soko la vitu vya kale asubuhi na mapema, baridi ya Februari, vidole havisikii. Nikaona mabawa. Katikati shada, ndani ya shada herufi RFC, juu taji, na mabawa yamejaa vijiwe vyeupe. RFC ni Royal Flying Corps, warubani wa mwanzo, kikosi kilichoanza 1912 na kuisha tarehe 1 Aprili 1918 kilipounganishwa na warubani wa majini, ikazaliwa RAF, jeshi la anga la Uingereza. Miaka sita tu. Kwa hiyo ni adimu, kwa hiyo ni ghali, kwa hiyo ndizo zinazoigwa mno. Haya yote nilikuwa nayajua! Muuzaji akanigeuzia mwenyewe, akanionyesha 15CT. Nikaona chapa, moyo ukaruka. Nikatoa pauni 90, na siku hizo pauni 90 ilikuwa kodi yangu ya wiki mbili.

Nimefika nyumbani, nimewasha taa, nimeweka lenzi. Chapa ipo, lakini kingo zake ni laini kama maandishi ya sabuni iliyotumika. Chapa ya kweli hugongwa kwa nyundo, hukata, huwa na ukali, na madini pembeni yake husukumwa kidogo. Hii haikugongwa. Ilimiminwa pamoja na bruchi yenyewe: mtu kachukua bruchi halisi, katoa umbo lake, kamimina nakala, na chapa ikanakiliwa pamoja na mikwaruzo yake. Mgongo mzima una vitundu vidogo vidogo kama uso wa mkate wa mofa. Vijiwe vimebandikwa kwa gundi. Sikulala. Baba nilimwambia baada ya miaka minne, naye alicheka mpaka akakohoa. "Uliigeuza?" Niliigeuza, baba. "Ukaitazama?" Hapo sikuwa na jibu.

Kwa hiyo ninyi mnaosema, "Dada huyu naye na migongo yake", mjue nimeilipia.

Tuje kwenye mbele, maana mbele nako kuna kazi yake, sisemi msipatazame. Mbele kuna vitu viwili: taji na jina.

Taji. Wafalme wa 1901 hadi 1952 walitumia taji ambalo matao yake yanapanda juu na kuwa kuba. Malkia Elizabeth, kuanzia 1953, alitumia lile ambalo matao yake yamebonyea katikati, kama mto uliokaliwa. Kwa miaka 70 sheria ilikuwa rahisi, hata mtoto aliiweza: kuba ni ya mfalme, ni ya zamani, bonde ni la malkia, ni ya baada ya 1953. Nimewafundisha watu wengi hivyo. Kisha 2022 Mfalme Charles akalirudisha lile la kuba! Sasa kuna vitu vipya vyenye taji la kuba vinauzwa madukani leo, na kuna watu wanaviuza kama vya babu zao. Mfalme kanivunjia somo. Nifanyeje? Narudi nyuma, kwenye mgongo, kutafuta uchakavu na chapa.

Vikosi vingine vinabadilisha herufi za mfalme ndani ya nembo, na hizo zinasaidia kuliko taji. Mainjinia, Royal Engineers, wana herufi za mtawala katikati: yenye GR na tano ya Kirumi ni ya George wa Tano, 1910 hadi 1936. Yenye sita ni ya mwanawe, hadi 1952.

Jina sasa. Vikosi vinazaliwa na kufa, na tarehe zake zinajulikana. Mama mmoja kaniletea bruchi kaambiwa ni ya 1916: farasi amesimama juu ya tufe la dunia, radi nyuma yake. Hiyo ni REME, mafundi wa mitambo wa jeshi. Kikosi hicho kimeundwa Oktoba 1942. Na nembo ya farasi yenyewe ni ya 1947, ya kwanza ilikuwa na shada na ngao nne ndogo zenye herufi. Juu ya farasi taji lina bonde. Sasa hesabuni: 1942, 1947, 1953. Kitu kimejitetea mara tatu, mnunuzi hakusikia hata mara moja. Mfano mwingine wa haraka: ukikuta ASC bila R, watu wa uchukuzi, ni ya kabla ya mwisho wa 1918, kwa maana mwaka huo ndipo walipopewa neno Royal, ikawa RASC. Machine Gun Corps, bunduki mbili zimepishana, ni 1915 hadi 1922 tu. Signals, watu wa mawasiliano, ni 1920 kuendelea. REME nimeshasema. Andikeni, msinitazame mie, andikeni.

Kabla sijasahau, si kila chenye pini ni cha mapenzi. Hili linaniudhi kweli. Kuna beji ya duara, ya fedha, katikati yake herufi za mfalme zimefumana chini ya taji, na ukingoni maneno ya Kiingereza yanayosema "kwa ajili ya Mfalme na Dola, utumishi umetimizwa". Ilianza kutolewa Septemba 1916. Alipewa mwanamume aliyetolewa jeshini kwa jeraha au maradhi, aivae kwenye koti lake la kiraia, kwa sababu wanawake wa siku zile walikuwa wakiwapa manyoya meupe mitaani wanaume waliowaona bila sare, kuwaita waoga. Fikirieni mtu kapoteza pafu kwa gesi, anapewa unyoya kwenye basi. Beji hiyo naikuta kila mwezi imeandikwa "bruchi ya mpenzi, nzuri, pauni 15". Na nyuma yake ina namba! Namba hiyo iko kwenye madaftari ya jeshi, ina jina la mtu. Mtu kamili, yuko pale nyuma, anasubiri mtu aigeuze.

Mwenyekiti ananionyesha vidole. Kumi? Kumi ni nyingi.

Kishikizo cha pini. Kile cha zamani ni ndoano wazi yenye umbo la herufi C, na pini mara nyingi ni ndefu, inachungulia nje ya ukingo wa bruchi. Baadaye vikaja vishikizo vinavyofunga kwa kuzungushwa, visifunguke ovyo. Ukiona mgongoni pamebandikwa kibao cha chuma chenye matundu mawili, kama beji ya jina ya mhudumu wa hoteli, na gundi imemwagika pembeni, huyo ni wa juzi. Lakini, na lakini hii ni kubwa, kishikizo kipya kwenye kitu cha zamani kipo. Pini huvunjika, ndiyo kazi yangu mimi kuzitengeneza. Tazama lihamu. Mahali pa zamani palipong'olewa pataonekana kama kovu.

Na makovu mengine ni ya heshima. Kuna bruchi zilizotokana na kifungo cha koti la askari, au beji ya kola yake, aliyepewa akaipeleka kwa sonara akaomba itiwe pini. Wanunuzi wakiona lihamu ya namna hiyo wanasema imeharibiwa. Mimi ndizo ninazozipenda kuliko zote. Ile ya dukani aliinunua yeye. Ile ya kifungo ilikuwa kwenye koti lake.

Ng'amba. Hapa nitasimama kidogo, mtanisamehe, maana hapa tumo sisi. Bruchi nyingi za vita ya kwanza ni duara la gamba la ng'amba lenye ukingo wa fedha, na nembo ya kikosi katikati. Ng'amba ni yule yule kasa wetu wa gamba la kahawia na manjano. Magamba yake yamekuwa yakitoka pwani ya Afrika Mashariki tangu enzi za Rhapta, ile bandari ya kale ya pwani yetu, yametajwa katika kile kitabu cha mabaharia cha Kiyunani kiitwacho Periplus, karne ya kwanza. Sisemi gamba la bruchi yako limetoka Lamu, bahari ni nyingi. Nasema tu ukiliona usilione geni. Zipo za plastiki zinazoiga. Watu wanafundishana kuchoma kwa sindano ya moto: likinuka nywele zilizoungua ni gamba. Mwanangu, umeshalitoboa! Inua kwenye mwanga, tumia lenzi. Madoa ya gamba la kweli ni vitone vidogo vingi vilivyokusanyika. Ya plastiki ni rangi iliyomwagika na kukata. Na kumbukeni ng'amba analindwa na mkataba wa kimataifa wa CITES, hivyo kabla ya kuuza, na hasa kabla ya kuposta nje ya nchi, ulizeni sheria. Hata kumpelekea shangazi Mombasa.

Naulizwa kila mwaka, na zetu je? King's African Rifles. Zipo. Nembo yao ni baragumu lililojikunja, lenye namba ya batalioni, na nimeshika za fedha zenye enameli. Lakini nilizoshika mimi zote zimetoka kwenye makabati ya familia za maofisa Waingereza. Bibi wa askari wa Kitui au Songea aliyekwenda Burma 1944 alipata nini kutoka kwa mumewe, hiyo ni mada nyingine, na jibu lake haliko kwenye minada ya hapa. Hali kadhalika wapagazi wa vita ya kwanza, wale wa Carrier Corps waliotuachia jina la Kariakoo: miaka yote hii sijaletewa bruchi yao hata moja. Kwa hiyo mkiona inauzwa "bruchi ya Kariakoo", nipigieni simu, hata saa tano usiku.

Dakika nne. Marekani. Slaidi ya enameli nairuka, na zile bruchi zenye neno la Biblia, Mispa, naziruka, mtaniuliza kwenye chai.

Marekani hawana simba wala nanga, hawana ofisi za kupima kama hizi, tafuteni neno STERLING tu. Katika vita ya pili shaba na nikeli zilihitajika viwandani kwa silaha, matumizi yake kwenye mapambo yakabanwa, basi hata makampuni ya mapambo ya bei rahisi kama Coro na Trifari yakafanyia kazi fedha. Ndiyo maana bruchi ya Kimarekani ya 1943 yenye sura ya kitoto unaweza kuigeuza ukakuta fedha halisi. Ukikuta 1/20 12K G.F., ni ganda la dhahabu ya karati 12, uzito wake sehemu moja ya ishirini.

Nyota ya buluu katika mstatili mweupe wenye ukingo mwekundu, kama bendera, ni ya familia, mtoto wao yuko jeshini. Bendera hiyo ilibuniwa 1917 na Robert Queisser wa Ohio, ambaye wanawe wawili walikuwa vitani. Nyota mbili, watoto wawili. Nyota ya dhahabu, hakurudi. Hiyo msiandike "bruchi nzuri". 

Nyota ya ndege za kijeshi: nyeupe ndani ya duara la buluu, na kitone chekundu katikati, ni hadi Mei 1942. Kitone kikaondolewa kisichanganywe na jua la Kijapani. Mbawa za pembeni zikaongezwa 1943, mstari mwekundu ndani yake 1947. Msichanganye na nyota yenye mabawa ya beji ya bega ya Army Air Forces, jeshi la anga la Marekani la siku hizo, ile ilibaki na kitone chake vita nzima. Na mioyo ya plastiki angavu yenye nembo ndani, iliyochongwa na askari wenyewe kwa vioo vya ndege, hiyo ni saa nzima na sina hata dakika.

Haya, naona mwenyekiti amesimama, na akisimama yeye nakaa mimi. Wenye vitu vyao wapange foleni kwenye meza ile ya dirishani, kuna mwanga. Lenzi ninazo mbili. Historia ya familia naomba msinipe mpaka nimalize kutazama. Na mkiviweka mezani, viwekeni kifudifudi.